Siku nane za Busoga: kwa anayeanza kuandika mauaji ya kale

Anayeanza kuandika mauaji ya kweli ya karne ya 19 hukimbilia siku ya kifo. Kwa kisa cha Askofu James Hannington, mmisionari Mwingereza wa Kianglikana aliyeuawa Busoga, mashariki mwa Uganda ya leo, tarehe 29 Oktoba 1885, kishawishi ni kufungua kwa mikuki. Subiri kwanza. Zipange siku zilizotangulia, maana ushahidi mzito umo ndani ya tarehe zenyewe.

Chora safu tano kwenye daftari: tarehe, mahali, tukio, nani aliliona, liliandikwa lini. Hannington alikamatwa tarehe 21 Oktoba kwa chifu Luba, akauawa siku nane baadaye. Sasa weka ramani kando. Jinja hadi Kampala ni kama kilomita 80, na kwa Luba ni mashariki zaidi. Tarishi alipaswa kutembea, kuvuka Nile kwa mtumbwi, kufika Mengo, makao ya ufalme wa Buganda katika Kampala ya leo, kungoja neno la Mwanga, Kabaka (mfalme) wa Buganda, kisha kurudi. Siku nane zinatosha. Ukimpa msomaji tarehe na umbali huo, ataona mwenyewe kwamba Luba alikuwa akingoja amri. Ukiviruka, Luba anageuka muuaji aliyekurupuka, na lawama inaangukia mahali pasipo pake.

Safu ya nne ndiyo inayowashinda wengi. Hannington aliandika shajara hadi siku aliyokufa. Alhamisi ile aliandika kwamba fisi alilia karibu naye usiku, amenusa mgonjwa, naye akatumaini kwamba fisi hatampata bado. Na kwamba Zaburi ya 30 imemtia nguvu. Hayo aliyasikia na kuyaandika mwenyewe, kwa hiyo yatumie bila hofu. Maneno mashuhuri anayosemekana kuyatamka akifa, kwamba ameinunua njia ya Buganda kwa uhai wake, ni jambo jingine: yalitufikia kupitia manusura wachache, na yana matoleo zaidi ya moja. Usiyatie alama za kunukuu. Andika "inasimuliwa kwamba". Na aliyoyawaza Mwanga kitandani usiku ule hayako kwenye karatasi yoyote, basi usiyatunge.

Sababu ya mauaji nayo huharibiwa na haraka. Wamisionari waliandika mengi kuhusu kisa hiki, na kwao Mwanga ni kijana katili tu. Mrudishe kwenye mwaka wake. Alirithi kiti 1884, baba yake Mutesa alipofariki. Februari 1885 Ujerumani ilitangaza ulinzi wake juu ya nchi za bara mkabala na Unguja, na Agosti manowari zake zikatia nanga mbele ya kasri ya Sultani Barghash. Habari za namna hiyo zilifika Mengo. Kisha Mzungu anatokea na msafara kwa njia ya mashariki, upande ambao Buganda iliuhofia. Hilo halimsafishi Mwanga. Joseph Mukasa Balikuddembe, mtumishi Mkatoliki wa ikulu yake aliyemkemea kwa mauaji hayo, aliuawa tarehe 15 Novemba. Lakini msomaji anastahili kuelewa hofu iliyokuwa ikulu.

Chunga pia majina. "Uganda" ni tamko la Waswahili wa pwani la jina Buganda. Barua ya 1885 inayosema Uganda haizungumzii nchi yenye mipaka ya leo, na Busoga haikuwa ndani yake.

Ukienda kutazama njia, nenda Oktoba, ujue mvua na matope ya mwezi ule. Ila jihadhari na macho: miwa ya Kakira na mikalitusi ya kando ya barabara ilipandwa karne ya 20, na maporomoko ya Ripon yalizamishwa na bwawa la Owen Falls lililofunguliwa 1954. Mto unaouona Jinja leo haukuwa hivyo.

Jambo la mwisho, nalo ni zito. Hannington aliingia Busoga na watu wapatao 50, na karibu wote waliuawa. Wengi walitoka pwani, wakizungumza Kiswahili hiki hiki, na masimulizi mengi huwamaliza kwa neno moja: wapagazi. Mabaki ya askofu yalizikwa Namirembe, kilima cha Kampala, 1892. Wao wape mistari yao kwenye jedwali, mmoja mmoja, na pale jina lisipopatikana acha nafasi wazi, uendelee kulitafuta katika orodha za misafara na kwa wazee wa Rabai na Mombasa.