Mafuta kwenye gemu ya vita: lipisha mwendo, si kiwanda

Simama hapo hapo, usiandike mstari mwengine. Unasema gemu yako ya Vita Vikuu vya Pili itatoa pointi moja ya mafuta kwa kila kisima, na kila kifaru kitakula pointi moja kinapojengwa. Gemu hiyo imeshakufa, bado kuzikwa tu.

Chuma, kromu, mpira, alumini: hivyo lipisha kiwandani, sawa. Kifaru kikishatoka, chuma chake hakidaiwi tena. Mafuta yanadaiwa kila kinapowasha injini. LIPISHA MWENDO.

Tazama kitakachotokea. Mchezaji wa Ujerumani anarundika vifaru mpaka 1942, baadaye Ploiești, mji wa mafuta wa Romania unaomlisha, inapigwa mabomu, naye hata hashtuki, kwa sababu vifaru vyake vimeshalipiwa. Japani inanyimwa mafuta na Marekani katikati ya 1941, nchi iliyokuwa ikipata huko kama asilimia 80 ya mafuta yake, na meli zake za vita zinaranda Pasifiki vilevile. Halafu ushangae mbona hakuna anayeihangaikia Palembang, mji wa mafuta kule Sumatra. Aihangaikie kwa lipi? Nyambizi za Marekani nazo zitabaki pambo, maana kwako mafuta hayapandi meli.

Najua ulikoyaokota. Kuna bwana mmoja wa video anayefundisha kwamba rasilimali ni ufunguo, unao au huna. Sauti nzuri, muziki nyuma, na uongo mtupu. Ufunguo gani huo unaokwisha ukiutumia? Watu wametupa gemu nzima kwa somo lile, na usiniulize nimewajuaje.

Sasa fanya hivi. Mafuta yawe na hesabu nne mbalimbali: kisima, mtambo wa kusafishia, meli na ghala. Kinachoingia ghalani ni kile kidogo kuliko vyote vitatu vya mwanzo. Kisima kikitoa 10, mtambo ukimudu 6 na meli zikibeba 3, basi una 3. Sisi wa visiwani tunahitaji kuelezwa hili kweli? Matangi ya Unguja yanaweza kujaa, chombo kisipovuka, Chake petroli hakuna.

Zamu moja iwe mwezi. Kikosi cha vifaru kitumie mafuta 1 kikikaa, 4 kikitembea, 6 kikipigana. Askari wa miguu 0 wakikaa, 1 wakifanya lolote. Meli kubwa ya vita 2 bandarini, 10 baharini. Namba utazibadilisha, uwiano usiuchezee sana. Ndani ya zamu, kwanza safirisha, kisha tumia, mwisho zalisha. Ukitanguliza uzalishaji, pipa lililochimbwa Borneo linachomwa Japani zamu ile ile, na nyambizi haipati nafasi ya kulizamisha. Na tumia namba kamili, si desimali, la sivyo ghala lenye vumbi la 0.0001 litahesabika lina mafuta na kikosi kitatembea bure.

Anayeteka kisima usimpe mafuta yake yote siku hiyo hiyo. Wajerumani waliingia Maikop, mji wa mafuta wa Kaukazi, Agosti 1942 wakakuta Wasovieti wameshaharibu visima, hawakuambulia cha maana. Palembang, Wajapani walishusha askari wa miavuli 14 Februari 1942 makusudi wawahi kabla hapajachomwa. Kwa hiyo kila zamu anayoipata mlinzi kujitayarisha ikate uzalishaji asilimia 40. Akishtukizwa, 20 tu. Kisha uzalishaji urudi asilimia 5 kwa mwezi.

Ghala likifika sifuri, usikigandishe kikosi, mchezaji hataweza hata kukomboa kisima cha jirani. Mwachie robo ya mwendo. Adhabu yenyewe iangukie marubani: saa za mafunzo zipungue, ubora ushuke baada ya zamu 6. Mitambo ya Ujerumani ya kutengeneza mafuta kwa makaa, Leuna ikiwemo, ilianza kushambuliwa 12 Mei 1944. Petroli ya ndege iliyokuwa tani 175,000 mwezi wa Aprili ilikuwa chini ya 20,000 ilipofika Septemba, huku viwanda vikitoa ndege nyingi kuliko mwaka wowote wa nyuma. Ndege tele, za kurushwa haba. Kwa mfumo wako jambo hilo HALIWEZEKANI kutokea, kwa sababu ndege ikishajengwa inaruka milele.

Kabla ya kumwonesha mtu, ijaribu: Japani, Agosti 1941, haingizi hata tone, ghala la miezi 24 kwa matumizi ya amani. Iache kompyuta ipigane kwa kutumia meli zote za Japani. Mwezi wa 18 zikiwa bado zinaranda kwa mwendo kamili, matumizi yako ni madogo mno.

Uliuliza pia bei za biashara baina ya nchi, na alama za ramani, na kitu cha tatu kimenitoka. Alama weka pipa jeusi, yatosha. Bei ngoja kwanza. Tubandikie hapa jedwali la gharama za vikosi vyako, na nikiona safu ya mafuta kwenye upande wa ujenzi naifuta mwenyewe.