Tulimkalisha mzee kitini

Mhariri, swali lenu la wiki limeuliza: ndugu akija likizo fupi kutoka vitani, aelezwe matatizo ya nyumbani au aachwe apumzike? Majibu ya toleo lililopita nimeyasoma. Karibu wote mmesema aachwe apumzike, masikini, katoka mbali. Mmejibu kama vile askari akishuka kwenye basi macho yake huyaacha garini. Mimi nasema aelezwe, tena siku ile ile, akishaoga na kula.

Kwanza tusidanganyane kuhusu huko kupumzika. Mdogo wangu alikuwa Kongo, kwenye ile brigedi ya Umoja wa Mataifa iliyoundwa mwaka 2013 kwa azimio namba 2098, sisi Watanzania na Afrika Kusini na Malawi, ile aliyoanza kuiongoza Brigedia Jenerali James Mwakibolwa na ikasaidia kuwafurusha waasi wa M23 mwaka huo huo. Zamu yake ilipofika, M23 walikuwa wamenyamaza, shughuli ilikuwa upande wa Beni, msituni, na waasi wengine, ADF. Wenye ndugu jeshini, JWTZ, hamna haja ya kukumbushwa shambulio la tarehe 7 Desemba 2017, kambi ya Semuliki huko huko Kongo, tukaja kutangaziwa askari wetu 14 wameuawa. Yeye hakuwa kambi ile. Lakini sisi huku Muheza tungejuaje? Usiku kucha simu haipatikani, mama kakaa kwenye mswala, hakuna anayethubutu kuwasha redio wala kuizima. Kesho yake jioni akapiga, akasema, "Mzima mimi," ikakatika.

Mwanzoni mwa 2018 akapewa likizo. Siku zenyewe chache, nyingine zikaishia njiani na kwa wakwe Dar. Na zilizobaki watu walizipangia foleni. Huku kwetu kuna imani kwamba mlinda amani analipwa dola kwa gunia. Wa ada akaja, wa bati akaja, wa bodaboda akaja na picha ya bodaboda yenyewe kwenye simu. Kwa hiyo matatizo aliambiwa, msidhani hakuambiwa. Aliambiwa ya ukoo mzima isipokuwa la kwetu.

La kwetu lilikuwa baba. Miezi kadhaa nyuma alipata kiharusi, mkono wa kushoto ukalegea na mguu ukawa wa kuburuta. Mama akatoa amri: hatumwambii. "Akirudi kule na mawazo ya huku, risasi itamkuta kaduwaa." Wifi yangu akamuunga mkono. Mimi nikapinga, na hoja yangu ilikuwa baba mwenyewe. Baba alipigana vita vya Kagera. Ilikuwa enzi ambayo habari za mbele mlizipata Radio Tanzania, na habari za nyumbani askari alizipata kwa barua, kama ilimfikia. Bibi alifariki baba akiwa Uganda na hakuna aliyemwandikia. Aliporudi, Kampala imeshaanguka tangu Aprili 1979, alipitiliza hadi jikoni akimwita mamake. Baba mkubwa ndiye aliyeamua asiandikiwe, na hawa ndugu wawili hawakuwahi kupatana sawasawa mpaka mmoja akatangulia. Mtu huyo ungetegemea aseme kijana aambiwe. Akasema, "Fanyeni anavyotaka mama yenu."

Siku ya ugeni, ilikuwa Ijumaa, tulimwogesha mzee kabla ya adhana ya alfajiri. Tukamvika kanzu, kofia, na juu yake koti la suti, na mnajua joto la Muheza mwezi wa kwanza. Koti lilikuwa la kufichia bega lililoshuka. Tukamkalisha barazani kwenye kile kiti cha mbao chenye mikono, ubavu wa kushoto umeegemea ukuta. Mkono tukaulaza pajani, tukaufunika kwa tasbihi. Fimbo tukaisukuma chini ya kitanda cha mama. Masharti: asinyanyuke kwa lolote mpaka kijana atoke kwenda kusalimia majirani. Kauli ilikuwa imesharejea, ila r bado ikimtatiza, kwa hiyo mama akamtaka aseme machache. Hilo halikuwa tabu, baba ni mtu wa maneno ya kuhesabu tangu ujana wake.

Kijana akafika kama saa nne, kakonda, ndevu kanyoa upya. Akainama. "Shikamoo baba."

"Malahaba mwanangu."

Akacheka, akidhani mzee anatania. Na sisi tukacheka, tena sana kuliko yeye.

Ikaenda vizuri mpaka adhuhuri. Watoto wakimletea babu yao maji, chai, mhogo, kila kitu kikimfuata pale pale. Mara kijana akatoka chumbani na kanzu. "Baba, twende msikitini." Mwaka mzima nadhani alikuwa akiingojea Ijumaa hiyo, maana tangu utotoni walikuwa wakienda wawili, baba mbele, yeye nyuma kabeba viatu. Mama akadakia, "Wewe tangulia, baba yako atakuja na jirani." Baba naye akaitikia kwa kichwa. Kijana akaenda. Baadaye jirani huyo huyo alitusimulia kwamba alimkuta kasimama nje ya msikiti anaangalia barabara, na hakuingia mpaka hotuba imeshaanza.

Aliporudi hakuuliza kitu. Alivua kanzu akabaki na fulana, akasimama uani akitazama baraza. Na hapo ndipo na mimi nikaona. Jua lilikuwa limehama. Tulichagua ukuta mzuri wa kuegemea, jua hatukulifikiria, sasa lilikuwa linampiga mzee usoni moja kwa moja, na koti lile mwilini. Jasho linamtiririka hadi shingoni. Asingeweza kuhama bila kutuumbua, na hakuhama.

Kijana akamwita binamu yetu. "Shika huko." Wakamnyanyua mzee na kiti chake, wakashuka naye ngazi mbili za baraza mpaka chini ya mchungwa. Baba kakishika kiti kwa mkono mmoja, mwingine unaning'inia, tasbihi imeshaanguka njiani. Mdogo wangu akarudi kuiokota. Akamvua koti, akalitundika kwenye tawi. Akakaa chini upande wa kulia wa kiti, kisha akahama akakaa kushoto; nikadhani anakimbia jua. Akaanza kumenya chungwa, anampa kipande kimoja kimoja mkono wa kulia. Sisi jikoni tukaendelea kukuna nazi, kana kwamba kumhamisha mzee pamoja na fanicha ni jambo la kila siku.

Nilikuja kujua baadaye kwamba sikio lake la kushoto halisikii vizuri tangu kule. Naye hakutuambia. Ilibidi wifi yangu atuonye tusimwite upande huo.

Jioni ile fimbo ilikuwa imeegemezwa mlangoni. Niliuliza nani kaitoa, kila mtu akaniambia si yeye.

Sasa nikiyaandika haya naona msimamo wangu wa juu umeanza kupwaya. Kama ningefuatwa mimi, tungemweka kikao, tungemsomea habari ya daktari na ya dawa, naye angelazimika kujibu neno mbele yetu sote. Angesema nini? Alichokifanya kwa mzee kilikuwa bora kuliko kikao. Alimaliza zamu, akarudi salama, akamkuta baba anatembea na fimbo yake. Basi jibu langu liandikeni hivi: ugonjwa msimwambie, mwacheni auone mwenyewe, lakini msimfunge mgonjwa kitini kwa ajili ya kuficha. Msiba ni lazima aambiwe, na aambiwe na mtu mmoja kwa mdomo, si kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Madeni nayo yangojee. Na haya nayasema kwa aliyekuja likizo. Aliye bado kambini ni habari nyingine, huko mama namwachia.

Nilipomsomea wifi yangu barua hii kabla ya kuituma, alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia naandika ya mchana tu. Usiku wa Ijumaa ile mumewe alimuuliza, naye akamweleza yote, tangu siku baba alipoanguka mpaka bei ya vidonge. Wakati sisi tunatembea kwa kunyata siku zote zilizobaki, wao wawili walikuwa wameshayamaliza. Nikamuuliza, si wewe uliyemuunga mkono mama? Akasema alimuunga mkono, ila hakuahidi kwamba akiulizwa atasema uongo. Kwa hiyo pengine mngemuuliza yeye. Gazeti lenu analisoma kuliko mimi, ila kuwaandikia wahariri anasema hiyo ni kazi ya mawifi.