Skupu ya boneti: kabla ya kukata, uliza hewa itaelekea wapi

SWALI: Nina gari la mwaka 1968 lenye injini ya kabureta. Fundi wa bodi ameniambia kwamba tukitoboa boneti na kubandika skupu ya faibaglasi, yaani mdomo ulioinuka wa kuingizia hewa, injini itaongezeka nguvu na haitachemsha tena. Nitumie gundi gani ili isibanduke?

JIBU: Ndugu msomaji, suala la gundi naomba lisubiri, kwa sababu umeahidiwa mambo mawili ambayo tundu peke yake haliwezi kuyatoa, na ahadi hiyo naikuta mara kwa mara kwa wenye magari ya kale.

Gari likienda kilomita 100 kwa saa, upepo unaosukumwa mdomoni mwa skupu, hata usipopotea njiani, hauongezi hata nusu ya asilimia moja juu ya kanieneo ya kawaida ya hewa. Faida halisi iko kwenye ubaridi: hewa ya nyuzi 30 za Selsiasi ina uzito wa takriban asilimia 10 zaidi ya hewa ya nyuzi 60, kwa ujazo uleule. Lakini faida hiyo haipatikani mpaka mdomo wa skupu uunganishwe na chujio la hewa kwa boksi lililozungushiwa sponji, ili boneti ikifungwa pasibaki upenyo. Bila boksi hilo, hewa baridi humwagika juu ya injini na kuchanganyika na joto linalotoka kwenye rejeta, na kabureta huendelea kuvuta hewa ileile ya moto. Gari la Kimarekani, Pontiac GTO ya 1964, lilitoka kiwandani likiwa na skupu zilizozibwa, za urembo tu. Zilipokuja kufunguliwa kwa vifaa vilivyouzwa mwaka 1965, vifaa hivyo vilikuwa na sinia na sponji ya kuzingira machujio.

Kuhusu kuchemsha, ushauri uliopewa unanikera zaidi. Injini huchemsha kwa rejeta iliyoziba, feni dhaifu, thamostati iliyokwama au gasketi iliyoungua. Hewa inayoingizwa kwa nguvu nyuma ya rejeta inaweza hata kupunguza ile inayopita ndani yake, ukaongeza ugonjwa uliotaka kuutibu.

Hivi karibuni nililetewa boneti iliyofanyiwa kazi ya namna hiyo. Nilipoigeuza niliona ubavu wa kati, ule mhimili wa bati chini ya boneti, umekatwa kwa msumeno bila kuwekewa kingine, na ukingo wa skupu umefichwa kwa puti (lipu ya kuziba bodi) nene kama kidole, yenye nyufa zilizokwisha kuvuja kutu. Ubavu ule ndio unaoizuia boneti kupinda na kutikisika mwendoni. Faibaglasi na bati hutanuka kwa viwango tofauti juani, kwa hiyo hakuna gundi wala puti itakayoficha kiungo hicho milele, na fundi anayekuambia vinginevyo anategemea kwamba nyufa zitatokea akiwa ameshalipwa.

Ukiwa bado unaitaka skupu, tafuta boneti ya pili ya gari la aina hiyohiyo ukate hiyo, na ile ya asili uihifadhi ikiwa nzima. Pima kwanza kimo cha chujio hadi boneti, kisha mwambie fundi akuchoree boksi, njia ya kutoa maji ya mvua yasifike kwenye distributa inayogawa umeme wa plagi, na ubavu mpya wa kuzunguka tundu. Akishindwa kukuchorea hayo, usimkabidhi msumeno.