Pumu ya ngozi: kabla hujamwachisha mtoto mayai, soma yaliyonikuta

Dada, pole sana. Umeandika kwamba mwanao wa miezi minane ana pumu ya ngozi mashavuni na kwenye mikunjo ya viwiko, anajikuna usiku kucha, na tangu wiki iliyopita umemwachisha mayai, maziwa, samaki na karanga kwa sababu mtaani wamekuambia "ni chakula hicho". Na wewe unayenyonyesha umeviacha pia. Nimejiona mimi wa miaka mitano iliyopita, ndiyo maana nakujibu kwa kirefu.

Binti yangu alianza akiwa na miezi minne. Picha nyingi za ugonjwa huu zinaonyesha wekundu, lakini kwenye ngozi yake nyeusi yalikuwa mabaka ya kijivu, makavu, ukipitisha kiganja unahisi msasa. Alfajiri nakuta shuka ina vidoa vya damu na magamba ya ngozi yamejaa kwenye kucha zake. Hali ikifika hapo, mama unaamini lolote. Nikaondoa mayai, sikuona nafuu. Nikaondoa maziwa, kisha dagaa, kisha karanga, nikabaki namkorogea uji mweupe wa sembe. Miezi mitano! Ngozi ikawa ileile, ila mstari wa uzito kwenye kadi ya kliniki ukalala, halafu ukaanza kushuka. Nesi aliponiuliza mtoto anakula nini, nililia palepale kwenye benchi.

Kilichompa nafuu ni mafuta. Daktari wa ngozi alinieleza kwamba ngozi ya watoto hawa haizibi vizuri: unyevu unatoka na vinavyowasha vinaingia. Akanifundisha upya kumwogesha mtoto. Maji ya uvuguvugu, dakika tano hadi kumi, sabuni kidogo isiyo na manukato. Kumkausha kwa kumgandamiza na kanga laini, si kumsugua. Kisha mafuta ya mgando yasiyo na harufu hapo hapo, ngozi ikiwa bado na unyevunyevu, na tena mara kadhaa kwa siku. Usiyaonee huruma; mtoto anaweza kumaliza gramu 250 kwa wiki. Penye uvimbe nilipaka haidrokotizoni, krimu hafifu ya steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho), kwa siku nilizoandikiwa tu. Zile krimu za kuchanganywa zisizo na lebo usiziguse, nyingine zina steroidi kali zilezile za kujichubulia. Wiki ya pili binti yangu alilala hadi asubuhi, na chakula chake kilikuwa bado ni ule uji mweupe.

Sasa yai, na hapa nakuomba usome taratibu. Kabla sijamwachisha alikuwa anakula nusu yai bila shida yoyote. Alipotimiza mwaka nikamrudishia. Hazikupita dakika kumi, midomo ikavimba, vipele kama vya kuumwa na mbu vikajaa kifuani, akatapika. Tulikimbia naye hospitali. Daktari akaniambia jambo hili linajulikana: mtoto mwenye pumu ya ngozi akikatishwa kwa muda mrefu chakula alichokuwa anakimudu, kinaporudi mwili unaweza kukikataa kwa nguvu. Hilo nimelibeba moyoni hadi leo.

Sisemi mzio wa chakula haupo. Kwa watoto wenye pumu ya ngozi ya wastani hadi kali, karibu theluthi moja wanao, hasa wa mayai, maziwa ya ng'ombe na karanga. Lakini mara nyingi unajionyesha waziwazi, ndani ya dakika chache hadi saa mbili: midomo kuvimba, vipele vya ghafla, kutapika, kupumua kwa shida. Ukiona hivyo, acha chakula hicho na mkimbize hospitali. Muwasho unaopanda na kushuka siku hadi siku ni tabia ya ugonjwa wenyewe. Kipimo cha damu peke yake kisikutishe pia; wapo wengi ambao kinaonyesha wana mzio, na bado wanakula chakula hicho salama.

Kuhusu karanga, mwaka 2015 madaktari wa London walitoa matokeo ya watoto 640 wenye pumu kali ya ngozi au mzio wa mayai, walioanza kufuatiliwa wakiwa na miezi 4 hadi 11. Walipofika miaka mitano, walionyimwa karanga karibu 17 katika kila 100 walikuwa na mzio wake; waliokula, kama 3 tu. Wote walipimwa kwanza, kwa hiyo na wewe muulize daktari kabla hujaanza, na iwe siagi laini ya karanga ndani ya uji, maana punje itampalia.

Jambo dogo kuhusu uji wa lishe: ule wa mahindi, ngano, soya, karanga na ulezi kwenye mfuko mmoja ukimletea shida, hutajua ni kipi. Anza na unga wa nafaka moja, ongeza kimoja baada ya siku kadhaa.

Wewe mwenyewe rudia kula kawaida, unahitaji nguvu ya kunyonyesha. Na mwanao, umesema alikula mayai tangu miezi sita bila tatizo. Ni wiki moja tu imepita. Nenda kliniki kesho, usingoje tarehe ya kadi, waeleze hivyo hivyo na uulize namna ya kumrudishia.