Leza "inazunguka" atomi au "inazizungusha"?

Swali: Nafundisha fizikia Dodoma mjini. Niliandika ubaoni: "Leza inazunguka atomi baridi kwenye mtego wa duara." Wanafunzi wakabisha. Kosa liko wapi?

Jibu: Wanafunzi wako wako sahihi. Zunguka ikipewa yambwa (kitu kinachotendewa), yambwa hiyo ndiyo inayobaki katikati: bodaboda inazunguka kipilefti, kipilefti kimetulia. Sentensi yako basi inaipitisha leza nje ya atomi. Ongeza -sh- ya usababishi: leza inazizungusha atomi. Nazo zinazunguka ndani ya mtego, yaani eneo la mwanga au sumaku linalozishikilia. "Zinauzunguka mtego" ni kosa lilelile.

Mimi ningeandika inazikoroga. Mwali wa leza unaozisukuma atomi hupitishwa ndani ya mtego kama mwiko kwenye uji wa uwele. Tofauti ni kwamba uji huufuata mwiko mara moja. Atomi hizi, zikiwa na joto la nanokelvini chache, yaani sehemu chache za bilioni za kelvini (kizio cha joto kinachohesabiwa kuanzia sifuri halisi, joto la chini kabisa linalowezekana), mwiko ukienda polepole mno hubaki zimetulia. Kasi ikitosha, kasi yao inaruka hatua nzima. Kwa atomi za metali ya rubidi-87 kwenye pete ya nusu kipenyo cha mikromita 20 (sehemu 20 za milioni za mita), hatua ya kwanza ni mzunguko mmoja kwa sekunde 3.4 hivi, ya pili ni mara mbili ya kasi hiyo, na hakuna hatua moja na nusu. Ukikoroga kwa fujo, joto linapanda na mtiririko unavunjika.

Sasa duara. Neno hili ni mstari wa bikari, lakini pia ni eneo lote lililozungukwa na mstari huo, kama sinia. Msomaji atazijaza atomi hadi katikati, wakati tundu la katikati ndilo linalozuia mzunguko usiponyoke. Mviringo haisaidii, maana hata chungwa ni la mviringo. Andika mtego wa pete. Ukitaka mfano darasani, leta ngata ya kubebea ndoo: nene, ina tundu, inalala bapa. Na lazima ilale bapa kweli. Upande mmoja wa mtego ukishuka kwa mikromita 1 tu, kwa rubidi hiyo ni sawa na nanokelvini 100, na atomi zenye ubaridi kuliko hapo zitalundikana chini.

Baridi peke yake ni neno dogo. Hata Dodoma mwezi wa Julai kuna baridi. Mara ya kwanza andika "atomi zilizopozwa hadi karibu na sifuri halisi", kisha "atomi baridi" kwingine kote.