FUNDI ANAJIBU: Mafaili ya steshenari yamefungwa, wanataka dola

SWALI: Habari fundi. Nina steshenari jirani na chuo hapa Morogoro: kopi, kuprinti, kuskani, kuwajazia wanafunzi maombi ya mkopo. Kijana aliyenipigia Windows aliweka programu ndogo ya kuiaktiveti, akaniambia nizime antivairasi kwanza ili ikubali. Sasa mafaili yote yameongezewa herufi nne mwishoni na hayafunguki. Kila folda ina _readme.txt: wanataka dola 980, au 490 nikiwaandikia ndani ya saa 72. Daftari langu la madeni, la Excel, limo humo. Nilipe?
*Mama wa steshenari, Morogoro*

JIBU: Pole sana dada yangu. Usilipe. Hizo saa 72 zimewekwa ili usipate nafasi ya kuuliza mtu, na hata ukilipa hakuna anayekuhakikishia kwamba watakufungulia.

Jina la faili hilo, bei na punguzo lake vyote vinaonyesha kirusi kiitwacho STOP/Djvu, na njia yake kuu ya kuingilia ni hizo programu za kuaktiveti bila leseni. Anayekutaka uzime antivairasi ndipo programu yake ikubali anakuomba umwondoe mlinzi getini.

Chomoa intaneti sasa hivi, na kila flashi. Asije mtu akapiga Windows upya kabla hujanakili mafaili yaliyofungwa, pamoja na _readme.txt, kwenye diski ya nje (hard disk) iliyo tupu. Kisha soma mwisho wa hiyo barua: kuna namba yako binafsi. Ikiishia na t1, matumaini yapo. Maana yake kirusi hakikuifikia seva (kompyuta ya mtandaoni) ya wahalifu, kikatumia ufunguo mmoja kwa watu wengi. Kampuni ya Emsisoft imekusanya baadhi ya funguo hizo, na tangu Oktoba 2019 inatoa programu ya kufungulia bure. Utaipata pia kupitia No More Ransom, mradi ulioanzishwa mwaka 2016 na Europol (shirika la polisi la Umoja wa Ulaya), polisi wa Uholanzi na kampuni za usalama wa kompyuta.

Kama haiishii na t1, ufunguo ni wa kompyuta yako peke yake na uko kwa wahalifu hao. Fundi wa mtaani akikuambia ataufungua kwa laki moja, mnyime. Itunze ile diski ya nje kabatini, kwa sababu funguo nyingine hupatikana baadaye. Kirusi hiki hufunga kama kilobaiti 150 tu za mwanzo wa kila faili, kwa hiyo video kubwa huenda zikaokoka kwa sehemu. Daftari la Excel ni dogo, linamezwa lote. Madeni yatafute kwenye taarifa za miamala ya simu, WhatsApp na karatasi ulizowahi kuprinti.

Linaloniuma zaidi ni wanafunzi wako. Mara nyingi Djvu huja na programu nyingine inayoiba nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari. Kwenye mashine hiyo umewafungulia akaunti za mkopo, umeskani vyeti vyao vya kuzaliwa na namba za NIDA. Waambie wabadilishe nywila, hata kama ni aibu kwako. Wewe badilisha zako ukitumia simu, sio kompyuta hiyo, ukianza na barua pepe.

Ukishaanza upya, tenga mashine mbili. Ya wateja iwe kuukuu, isiyo na kitu chako hata kimoja. Flashi zote za wateja ziishie hapo. Linux Mint (mbadala wa Windows) na LibreOffice (mbadala wa Word na Excel) ni bure na kuprinti zinaprinti. Mashine ya hesabu iwe na Windows ya leseni, na Defender, antivairasi iliyomo humo, isizimwe kamwe. Vyeti vya wateja futa kila jioni.

Nakala za akiba weka kwenye diski mbili za nje kwa zamu, uzichomeke wakati wa kunakili tu. Wengi huiacha imechomekwa mwaka mzima, na kirusi kikiingia kinaifunga nayo.

Niandikie herufi mbili za mwisho za namba hiyo, pamoja na zile nne zilizoongezwa kwenye mafaili. Namba nzima usinitumie.