Kabla hujanunua Kikumi ya mjomba, mwombe akuonyeshe asubuhi yake

Nilikuwa na shilingi milioni 6 na nusu za Uganda mkononi, na kwa pesa hiyo ukienda kwenye bondi Kampala, zile yadi za magari yaliyoingizwa kutoka nje, utaishia kuangalia tu, kwa hiyo nikauliza ndani ya ukoo. Mjomba wangu wa Jinja alikuwa na Kikumi, ile Toyota Corolla AE100 ya miaka ya 1990, jina lenyewe linatokana na hiyo 100, maana kikumi kwa Kiganda ni mia. Tangu sheria ya Uganda ya 2018 ikataze kuingiza magari yaliyozidi miaka 15, Kikumi mpya haziji tena, zilizopo zinazunguka humu humu, leo kwa shemeji, kesho kwa jirani.

Nikamuuliza kwa heshima zote, mjomba, gari lina shida gani? Akasema, "Shida gani, hili gari ni zima." Na mimi naapa hakunidanganya, ndiyo maana naandika haya. Tukala, tukapeana mikono, nikawasha kurudi Busia. Kwenye buti niliona kijerikani cha njano cha lita 5, maji nusu, nikafikiri cha kuoshea vioo.

Iganga nilipita vizuri. Kukaribia Bugiri mshale wa joto ukapanda mpaka juu kabisa, nikasimama pembeni, boneti inatoa moshi kama sufuria ya matoke. Nikampigia. Swali lake la kwanza: "Kwani asubuhi uliliwekea maji?" Kumbe kila siku kabla ya kuwasha anamimina kama lita 2 kwenye rejeta, miaka mitatu sasa, na kwake hiyo si shida, ni kama mtu kupiga mswaki.

Fundi wangu alifungua mfuniko wa oili akanigeuzia nione chini yake, utando mweupe umeganda kama maziwa ya mgando. Maji yameingia kwenye oili, gasketi ya silinda hedi imekufa. Kushusha hedi, kuisawazisha, gasketi, oili mpya na kazi yake vilinimalizia laki 7 na elfu 80. Injini yenyewe 5A ni ngumu na spea zake zinapatikana, ukikosa kwenu utapata Kisekka, soko la spea kule Kampala, lakini ile pesa nilikuwa nimeipangia bati.

Sasa ngoja nikwambie ningefanyaje. Ndugu usimuulize gari lina shida gani, amelizoea, atakujibu zima. Nenda kwake alfajiri kabla hajaliwasha, weka mkono juu ya boneti, iwe baridi, kama ni ya moto ujue limeshawashwa. Fungua rejeta hapo hapo likiwa limepoa (likiwa moto usiguse, utaungua uso) uone maji yapo wapi, fungua na mfuniko wa oili. Halafu mwambie mjomba twende unakokwendaga kila siku, aendeshe yeye, wewe kaa pembeni uangalie mikono na miguu yake. Anakanyaga breki mara mbili ndo ishike? Stelingi anaishikilia upande mmoja kwenye barabara iliyonyooka? Anapaki kwenye mteremko tu hata palipo na nafasi tambarare? Basi betri au stata hiyo. Moshi mweupe ukiendelea kutoka hata injini ikishapata moto, shuka urudi nyumbani kwa taksi.

Fundi lazima, na usione haya. Mimi siku hizi nasema "mama ndiye amesisitiza fundi aangalie", hakuna mjomba atakayebishana na dada yake.

Halafu karatasi, hapa ndo niliumia zaidi. Logibuku, yaani kitabu cha umiliki wa gari, haikuwa na jina la mjomba! Alinunua kwa mtu wa Mbale, wakaandikishana kwenye karatasi ya daftari, na hakubadilisha jina. Kwa hiyo nilimtafuta mtu nisiyemjua aje asaini, alikuwa ameshahamia Lira. Kabla hujatoa hata shilingi iangalie logibuku, soma jina, linganisha namba ya chasisi na ile iliyo kwenye gari. Usajili wa magari siku hizi uko Wizara ya Kazi na Uchukuzi, si URA (mamlaka ya mapato) tena, ila TIN, namba ya mlipakodi, bado utaihitaji, ya kwako na ya anayeuza. Tena angalia faini za trafiki za namba hiyo kwenye EPS, mfumo wa faini za papo kwa papo za polisi, maana gari likiwa na faini za mjomba ni wewe utakayesimamishwa nalo. Mkataba uandikwe hata kama mmenyonya ziwa moja, mwenyekiti wa kijiji (LC1) aweke muhuri.

Na lipa yote kwa mara moja. Mimi nilibakisha laki 5, na kwa hizo laki 5 mjomba aliliazima gari mara nne, harusi mbili, msiba mmoja, na siku moja alisema anapeleka kuku tu.

Hatukukosana. Krismasi alikuja Busia, asubuhi nikamkuta nje na singileti, amefungua buti, anapekua huku na huku.

"Mjomba, kile kijerikani changu umekiweka wapi?"